Ramani ya Makazi ya Duma

Mwanafunzi akiagizwa kuonyesha katika ramani mahali wanapoishi duma nchini Tanzania, aghalabu atatia rangi Serengeti na Ruaha, kisha ataweka kalamu chini. Hapo atakuwa amechora ramani ya hifadhi, si ramani ya duma.

Duma huhitaji nafasi kubwa mno. Huko Serengeti duma jike huwaandama swala tomi, nao swala huhamahama kwa kufuata mvua. Hivyo eneo analolizungukia hufikia kilomita za mraba 800 hivi. Tena simba na fisi humpokonya mawindo, na simba huwaua watoto wake. Kwa sababu hiyo duma huepuka mahali penye simba wengi, hata kama swala ni tele.

Uchoraji wa ramani huanza kwa kukusanya habari za kuonekana kwake: mahali gani na tarehe gani. Madoadoa ya duma, mithili ya alama za vidole vya binadamu, hayafanani. Picha mbili zikilinganishwa hujulikana kama ni mnyama mmoja au wawili. Penye vichaka hufungwa kamera mtini, ambayo hujipiga yenyewe ihisipo joto la mwili upitao. Hata nyayo husomwa, kwani makucha ya duma hayafichiki kabisa kama ya chui, na alama zake hubaki mchangani.

Habari hizo hulinganishwa na picha za setilaiti. Tangu mwaka 1982 setilaiti za Landsat zimeweza kuigawa ardhi katika miraba yenye upande wa meta 30, na kwa rangi ya kila mraba hutambulikana nyasi, msitu au shamba. Kisha hukadiriwa uwezekano wa duma kuishi katika kila sehemu.

Lakini upo mtego. Watafiti na watalii hupita barabarani, kwa hiyo alama nyingi hurundikana kandokando ya barabara. Mahali patupu katika ramani huweza kumaanisha kwamba hapana duma, au kwamba hapana mtu aliyekwenda kutazama. Mchoraji mwangalifu hupatenga mahali pa namna hizo mbili kwa rangi mbalimbali. Asiyefanya hivyo huwapotosha wapangaji wa matumizi ya ardhi.

Na hasara yake si ndogo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba duma waliosalia duniani walikuwa 7,100 hivi, katika asilimia 9 tu ya eneo walilokalia zamani. Asilimia 77 ya eneo hilo lililobaki ilikuwa nje ya hifadhi, yaani katika ardhi kama vile malisho ya wafugaji, ambako uzio au shamba jipya laweza kuikata njia ya duma pasipo mtu yeyote kujua kwamba ilikuwapo.