Slagi (anwani ya ukurasa)

Slagi ni sehemu ya anwani ya tovuti inayoutaja ukurasa mmoja kwa maneno yanayosomeka. Kwa kawaida hutungwa na programu ya kusimamia maudhui, kama vile WordPress, kutokana na kichwa cha makala. Jina hilo limetoka kwenye magazeti ya Kiingereza, ambako slagi ni jina fupi la kutambulisha habari inapoandaliwa. Hutumika pia katika Django, mfumo ulioanzia kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas (Marekani), na kutolewa kwa umma mwaka 2005.

Herufi kubwa hugeuzwa kuwa ndogo, alama za uandishi huondolewa na nafasi kati ya maneno hujazwa kistari. Hivyo kichwa "Historia ya Mji wa Kilwa" huwa historia-ya-mji-wa-kilwa. Kama slagi hiyo imeshatumika, WordPress huongeza -2 mwishoni, maana anwani moja haiwezi kufungua kurasa mbili. Bila slagi, ukurasa hutajwa kwa namba tu, mfano ?p=123, isiyomwambia msomaji lolote.

Kiswahili hakipati shida sana, isipokuwa kwenye ritifaa. Kwa kuwa alama hiyo hufutwa, "ng'oa" (kutoa kitu kilichoshikilia ardhini) na "ngoa" (wivu) hupata slagi ileile. Kiarabu kina tatizo kubwa zaidi: WordPress huhifadhi kila herufi yake kwa alama 6, mfano %d9%85 kwa herufi mim, na slagi nzima haizidi alama 200. Kichwa hukatwa baada ya herufi 33 hivi, pengine katikati ya neno.

Slagi ikishatungwa na ukurasa kuchapishwa, kubadilisha kichwa hakuibadilishi. Hilo ni jambo jema, ingawa huwashangaza wahariri wengi: kiungo kilichokwisha kuchapwa kitabuni hakiwezi kusahihishwa. Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, alihimiza mwaka 1998 kwamba anwani zisibadilishwe. Mhariri akiibadilisha slagi kwa mkono, WordPress hukumbuka ile ya zamani na kumpeleka msomaji kwenye ukurasa uleule. Lakini tovuti ikihamishiwa programu nyingine, kumbukumbu hiyo haina budi kuhamishwa pia. La sivyo msomaji hukutana na ujumbe wa kosa 404.