Mkuki, Bunduki au Taa: Uteuzi wa Kinga Dhidi ya Simba Kitengela na Kajiado

Makala haya yanachunguza swali ambalo mfugaji wa Kitengela hulazimika kulijibu usiku wa manane: mbuzi wakianza kuparamiana zizini, ashike nini mkononi? Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Nyumbu na punda milia huvuka kuelekea nyanda za Kitengela, na simba huwafuata. Huko hukuta ng'ombe, ambaye hana mbio za nyumbu.

Wengi hufikiria bunduki kwanza. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuimiliki bila leseni, na uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Lakini tuiache sheria kando, tuitazame kazi yenyewe. Simba huja gizani, mifugo imesongamana, na nyumba za watu zimelizunguka zizi. Risasi ikikosea huenda ikampata jirani. Ikimjeruhi simba, humwongezea ukali. Hata mikononi mwa wenye mafunzo mambo huharibika. Tarehe 30 Machi 2016, karibu na Isinya, simba aliyeitwa Mohawk alizongwa na umati, akamjeruhi mtu, kisha akauawa kwa risasi na askari wa wanyamapori. Dawa ya kumlaza usingizi ilikuwa bado njiani.

Mkuki una heshima yake Umasaini, nasi hatuibezi. Hata hivyo, nguvu yake ni ya kundi. Mwezi Juni 2012 wanakijiji wa Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, waliwaua simba sita kwa mikuki baada ya mbuzi kuliwa. Mama aliye peke yake na watoto usiku angefanyaje na mkuki huo?

Jibu lililo bora, kwa maoni yetu, lilitoka kwa mtoto. Richard Turere, mchungaji wa ng'ombe wa babaye kando ya mbuga, alijaribu moto, akaona unamwonyesha simba njia. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja, akizunguka na tochi, alitambua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, aliunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi. Simba hudhani kuna mtu anayelinda. Mwaka 2013 alilieleza jambo hilo katika jukwaa la TED huko Marekani.

Mwanaisimu atagundua kwamba taa hizo si silaha. Ni kinga, neno linalotokana na kitenzi kukinga, na halimtaki yeyote afe. Zina upungufu wake: betri huisha, na ua hafifu wa miiba bado huhitaji kuimarishwa kwa seng'enge. Tena hazifai kitu malishoni saa nane mchana. Huko mchungaji angali anakwenda na mkuki wake.