MIIKO NA VYOMBO VYA MTI: TUPAKE NINI?

Mafundi wengi kambini wanachonga miiko, pawa, sahani na vibao vya kukatia mboga, nao wanajua kwamba wateja huchagua chombo kinachong'aa. Ndiyo maana wengine hupaka oili chafu ya gereji, vanishi, rangi ya mafuta au dawa ya viatu. Chombo hupendeza kweli. Lakini mwiko unakwangua sufuria kila siku ndani ya ugali wa moto, na kile kilichopakwa kinatoka kidogo kidogo na kuliwa.

Oili chafu ndiyo mbaya zaidi. Imetoka kwenye injini ikiwa na vumbi la vyuma vilivyosagika na kemikali zinazoweza kuleta kansa. Haiishi kwa kuosha wala kwa kuchemsha, kwa sababu imekwisha kuingia ndani ya mti. Rangi nazo, baadhi zina madini ya risasi. Risasi, hata kidogo sana, hudhuru ubongo wa mtoto, na mzazi huenda asione dalili yoyote mapema.

Kwa mwiko ushauri wetu ni mmoja: usipake kitu. Hata nta ya nyuki ni hasara hapo, maana huyeyuka kwenye joto la digrii 62 hadi 64 tu, na ugali ulio motoni umezidi hapo. Nguvu yako itie kwenye msasa. Sugua, lowesha mwiko kwa maji, uache ukauke kivulini; nyuzinyuzi za mti zitasimama. Sugua tena kwa msasa laini. Ukirudia mara mbili, mwiko utateleza mkononi bila mafuta yoyote.

Sahani na vibao vinaweza kupakwa mafuta ya alizeti. Kijiko kimoja cha chai kinatosha sahani moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumaliza mafuta ya watoto. Baada ya nusu saa futa yote yaliyobaki juu, kisha acha sahani ikae siku kadhaa mahali penye hewa. Mawese hayafai: hayakauki, hushika vumbi na baadaye hunuka. Ukipata nta, changanya sehemu moja ya nta na nne za mafuta. Usiweke kopo la nta juu ya moto, liweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ikiwaka haizimwi kwa maji.

Matambara yaliyolowa mafuta yasirundikwe. Yenye mafuta ya kitani hasa huweza kupata joto yenyewe na kuwaka. Yaanike nje, mbali na maturubai na nyasi.

Angalia pia mbao zenyewe. Paleti yenye muhuri wa herufi MB imefukizwa dawa ya sumu. HT imepashwa joto tu. Isiyo na muhuri, iache. Nguzo zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani huweza kuwa na arseniki: zisichongwe, wala zisitumike kama kuni.

Akina mama mnaonunua, nuseni kwanza. Futa chombo kwa kitambaa cheupe chenye maji ya moto. Kitambaa kikiwa cheusi au kikinuka gereji, mrudishie fundi. Mwiko uliokwisha kupakwa oili usipikiwe tena wala usichomwe jikoni. Ukorogee udongo wa kusiliba nyumba.