Insulini Isiyotiiwa

Mwaka 1936 tabibu Harold Himsworth wa London aliwanywesha wagonjwa wake wa kisukari maji ya glukosi na papo hapo akawapiga sindano ya insulini mshipani, na matokeo yake yakawa ya ajabu: kwa baadhi yao sukari ya damu ilitulia, bali kwa wengine ilipanda kana kwamba dawa ile haikuwaingia kabisa. Kumbe wako wagonjwa ambao kasoro yao si uchache wa insulini, bali ni mwili kukataa kuitii. Na mnamo 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York, waliokwisha kubuni njia ya kuipima homoni hiyo damuni, wakadhihirisha kuwa wengi wa waliopata kisukari ukubwani walikuwa nayo tele.

Insulini hutoka kwenye kongosho, ikaamuru misuli ipokee sukari na ini liache kuitoa. Lakini mafuta yakisharundikana tumboni na ndani ya ini, amri hiyo hufifia, nalo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Hapa ndipo penye hatari niionayo mimi kubwa kuliko zote, kwamba kwa miaka mingi kipimo cha sukari cha asubuhi huweza kuonyesha salama, mtu akarejea kwake akimshukuru Mola, ilhali shinikizo la damu linapanda, mafuta ya damuni yanazidi na mishipa ya moyo inaathirika. Gerald Reaven, mwaka 1988, ndiye aliyeyakusanya maradhi hayo, yaliyokuwa yakitibiwa kila moja peke yake, akayahusisha na asili moja.

Aghalabu ishara za mwili usioitii insulini huwa wazi machoni petu: kiuno kinachozidi kupanuka, na weusi mnene, laini kama mahameli, katika mikunjo ya shingo na kwapa, ambao masikini kijana husuguliwa kwa dodoki akidhaniwa hajui kuoga. Asisuguliwe, apelekwe kwa tabibu.

Tena hali hii yarekebishika, kwani msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata bila ya kungoja insulini. Huko Marekani, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2002, watu ambao sukari yao ilikwisha anza kupanda walitakiwa kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma na kupunguza asilimia 7 ya uzito wao; uwezekano wa kupata kisukari ukapungua kwa asilimia 58, ambapo waliopewa vidonge vya metformini walipata nafuu ya asilimia 31.