Je, Wajua? Pampu ndogo ya dizeli na pikapu za Marambo, Nachingwea

Je, wajua kwamba pikapu nyingi za dizeli za zamani zina pampu mbili za mafuta? Kubwa ndiyo inayopiga dizeli kwenye nozeli. Ndogo huivuta kutoka kwenye tangi na kuifikisha kwa kubwa. Gari likikata nguvu mlimani, nyuma limepakia ufuta wa kupeleka ghalani, wa kwanza kulaumiwa huwa ni pampu kubwa, na bei yake inaweza kumeza pesa ya msimu. Kumbe mgonjwa anaweza kuwa ile ndogo, ambayo hakuna hata aliyeifungulia boneti.

Je, wajua nguvu za pampu hizo zinavyopishana? Kwenye Land Rover ya injini ya 300Tdi, pampu ndogo husukuma kwa takriban nusu ya bar, chini kabisa ya upepo uliomo kwenye tairi. Nozeli za injini hiyohiyo hufunguka kwa bar 200 na zaidi.

Je, wajua kwamba Land Cruiser ya injini ya 1HZ haina pampu ndogo ya pembeni? Kazi ya kuvuta inafanyiwa ndani ya pampu kubwa yenyewe, na kitufe cha kubonyeza kwa mkono ili kuvuta dizeli kiko juu ya filta. Ukiambiwa ununue pampu ndogo ya gari hilo, uliza vizuri kabla ya kutoa pesa.

Je, wajua kwamba injini ya dizeli iliwahi kunguruma kwa mafuta ya karanga? Ilikuwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kuendesha mitambo kwa zao la shambani, na injini ikakubali. Miaka 47 baadaye Waingereza walianza mradi wa karanga Tanganyika, katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea yetu. Hao walitaka mafuta ya kula. Walileta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960, na tangu hapo korosho, ufuta na mbaazi za Nachingwea na Ruangwa zinategemea magari. Ndiyo maana pampu isiyojaza hata kiganja inastahili kuheshimiwa huku kwetu.

Je, wajua kwamba oili ikiongezeka yenyewe kwenye injini ni hatari, kama ilivyo ikipungua? Ndani ya pampu ndogo ya 300Tdi, na ya matrekta mengi ya Massey Ferguson yenye injini ya Perkins, kuna kiwambo cha mpira. Kikichanika, dizeli inaweza kushukia kwenye sampu na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia: kama oili imepanda juu ya alama, imekuwa nyepesi na inanuka dizeli, usiwashe tena. Oili ya namna hiyo huua beringi za krenki. Badilisha pampu, mwaga oili yote, weka mpya pamoja na filta.

Je, wajua namna ya kupima kabla ya kununua? Fungua mpira unaotoka kwenye pampu kwenda filta, uelekeze kwenye chupa, kisha piga kiwiko cha mkono kilicho kwenye pampu. Dizeli ikiruka kwa mikupuo mizito, pampu ni nzima. Kiwiko kikiwa kilegevu, usiihukumu bado. Huenda kamshafti imeukanyaga mkono wa pampu ulioingia ndani ya injini. Zungusha injini raundi moja, ujaribu tena. Bado hakuna kitu? Weka dumu la dizeli safi karibu na injini, uunge mpira kutoka humo moja kwa moja hadi pampu. Ikivuta vizuri, ubovu uko nyuma: tangi chafu, au bomba lenye tundu. Tundu la upande wa kuvuta huwa halivuji dizeli, linavuta hewa, kwa hiyo chini ya gari utakuta pakavu kabisa. Mimi naona kipimo hiki cha dumu kingeokoa pesa nyingi kama kila dereva angekidai kwa fundi wake.

Je, wajua kwamba kwenye 300Tdi pampu hiyo imeshikwa kwa boliti mbili tu? Shida iko kwenye usafi. Futa vumbi lote kabla ya kulegeza kitu, kwangua gaskiti ya zamani mpaka chuma kionekane, weka gaskiti mpya. Pampu ikigoma kukaa bapa, usiivute kwa boliti, utavunja mkono wake. Zungusha injini kidogo, itakaa.

Na upepo ulioingia kwenye mabomba wakati wa kubadilisha pampu? Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kiwiko mpaka povu liishe na dizeli itoke tupu, kisha kaza kabla hujawasha. Injini ikishanguruma, usitafute kwa kidole uvujaji kwenye mabomba ya nozeli. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na aliyechomwa nayo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo na haliumi.