New Paltz: Mji wa wakimbizi wa Kifaransa uliojengwa pia kwa jasho la watumwa

KATIKA bonde la Mto Wallkill, kaskazini mwa Jiji la New York nchini Marekani, kuna mtaa wa nyumba za mawe zenye umri wa takriban miaka 300. Mtaa huo ndio kiini cha New Paltz, mji ulioanzishwa mwaka 1678 na familia chache za Waprotestanti wa Kifaransa waliojulikana kama Wahuguenot.

Nchini Ufaransa, dini iliyotambuliwa na wafalme ilikuwa ya Kikatoliki. Amri ya Nantes ya mwaka 1598 iliwapa Wahuguenot uhuru wa kuabudu, lakini haki hizo zilipunguzwa kidogo kidogo hadi Mfalme Louis wa 14 alipoifuta amri hiyo mwaka 1685.

Waasisi wa New Paltz walihama kabla ya hapo. Walikimbilia kwanza Palatinate, jimbo la Kijerumani lililowapokea Waprotestanti, na baadaye wakavuka Bahari ya Atlantiki. Jina la mji wao linatokana na jimbo hilo, ambalo Wajerumani huliita Pfalz.

Mwezi Mei mwaka 1677, wakimbizi hao walipatana na Waesopus, wenyeji wa asili wa bonde hilo, ambao nguvu zao zilikuwa zimepunguzwa na vita viwili dhidi ya Waholanzi. Kwa eneo la takriban hekta 16,000, Waesopus walipewa masufuria, mashoka, mablanketi, visu, baruti, tumbaku na farasi. Septemba mwaka huohuo, Gavana wa Kiingereza wa New York, Edmund Andros, alitoa hati ya ardhi kwa wanaume 12.

Miongoni mwa familia hizo zilikuwamo za DuBois, Hasbrouck, Bevier, Deyo, Freer na LeFevre. Mwaka 1683 walianzisha kanisa lao, na kuanzia mwaka 1728 mambo ya ardhi yalisimamiwa na baraza la watu 12 lililoitwa Duzine, jina linalotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya dazeni.

Lugha yao, hata hivyo, haikudumu. Wakiwa wamezungukwa na majirani Waholanzi na kuoana nao, wajukuu wa waasisi walianza kuzungumza Kiholanzi, na mwanzoni mwa karne ya 19 Kiingereza kikashika nafasi hiyo.

Historia hiyo ina upande mwingine, kwani waliokimbia dhuluma nao waliwanyima wengine uhuru. Mwaka 1674, kabla hata ya mji kuanzishwa, Louis DuBois alinunua Waafrika wawili katika mnada mjini Kingston. Kwa vizazi kadhaa watumwa walilima mashamba na kufanya kazi za nyumbani, hadi jimbo la New York lilipokomesha utumwa mwaka 1827.

Sojourner Truth, mwanaharakati maarufu wa kupinga utumwa, alizaliwa mtumwa katika kaunti hiyohiyo ya Ulster mnamo mwaka 1797, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Aliondoka kwa bwana wake mwaka 1826, akiwa amembeba binti yake mchanga. Maktaba ya chuo kikuu cha umma cha New Paltz imepewa jina lake.

Mwaka 2019, chuo hicho kiliondoa majina ya familia za waasisi katika majengo ya wanafunzi, kwa kuwa familia hizo zilimiliki watumwa. Waliounga mkono hatua hiyo waliona si haki kwa wanafunzi weusi kulala katika majengo yenye majina hayo, ilhali waliopinga waliona kuwa historia inafutwa.

Nyumba za mawe zimehifadhiwa kama makumbusho. Wageni wanaozitembelea husimuliwa habari za wakimbizi waliozimiliki, za Waesopus waliotangulia katika ardhi hiyo, na za Waafrika waliolala katika vyumba vyake vya chini.