Uzito wa akwaria

Uzito wa akwaria ni mzigo ambao tangi la samaki, pamoja na maji, mchanga, mawe na meza yake, huuweka juu ya sakafu. Katika ghorofa ya juu mzigo huo unapaswa kukadiriwa kabla ya tangi kujazwa, kwa sababu chini yake huwa kuna chumba kingine na watu wengine.

Hesabu ya uzito

Lita 1 ya maji baridi ina uzito wa takriban kg 1. Maji ya bahari huzidi kidogo. Tangi lenye urefu wa sm 150, upana wa sm 50 na kimo cha sm 60 huchukua lita 450, yaani kg 450 za maji. Kioo chenye unene wa mm 10 kina uzito wa kg 25 kwa kila mita ya mraba, hivyo tangi tupu la ukubwa huo hukaribia kg 80. Ukiongezwa mchanga na meza, jumla hufika takriban kg 600.

Uwezo wa sakafu

Katika nchi nyingi sakafu za makazi husanifiwa kubeba kg 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wa sakafu yenyewe. Tangi lililotajwa huweka kg 800 kwa kila mita ya mraba inayokalia. Hata hivyo, hilo peke yake halimaanishi kwamba sakafu itavunjika, kwa kuwa slabu ya zege yenye nondo au boriti kadhaa husaidiana kubeba mzigo. Jambo muhimu ni mahali tangi linapokaa. Mzigo uliorundikwa katikati ya boriti huipinda zaidi ya mzigo uleule ukitandazwa juu ya boriti nzima.

Tena wageni wa sherehe huondoka jioni, lakini akwaria hubaki miaka. Mbao na zege hupinda polepole chini ya mzigo wa kudumu. Tangi likiinama, viungo vya kioo hubanwa na huweza kuvuja.

Mahali panapofaa

Tangi huwekwa karibu na ukuta unaobeba jengo, si ukuta mwembamba wa kugawa vyumba. Penye boriti za mbao, huwekwa kwa kuzikingama ili uzito ugawanywe kwa boriti nyingi. Roshani inayoning'inia nje ya ukuta haifai. Katika nyumba za kale za Zanzibar na Lamu, ambazo sakafu zake za mawe na chokaa hulala juu ya boriti za mikoko, hali ya boriti huchunguzwa kwanza, kwani unyevu na mchwa huzidhoofisha.

Nyufa mpya darini chini ya tangi, au maji yasiyolingana na ukingo wake, ni dalili za hatari: maji hupunguzwa mara moja na mhandisi wa ujenzi huitwa. Kwa tangi la mamia ya lita, ni bora kumwuliza kabla ya kununua.